Kikohozi ambacho hakikuwepo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme juu ya maumivu ya koo. Nimeyakosea mara mbili, na makosa yenyewe hayafanani.

La kwanza lilikuwa juu ya koo langu. Mimi ni mwalimu, koo ndilo jembe langu. Kila lilipoanza kuwasha nilikuwa nafungua droo na kutoa vidonge vya antibiotiki vilivyobaki tangu ugonjwa wa nyuma, vitatu au vinne, vyovyote vilivyokuwepo. Siku ya tano nikipona, sifa zote navipa vidonge. Kumbe ningepona tu. Mara nyingi koo huuma kwa sababu ya virusi, walewale wa mafua, ambao antibiotiki haiwagusi, na kwa kawaida hutulia lenyewe ndani ya wiki moja. Na hata angekuwa bakteria, vidonge vinne si dozi.

Kosa la pili ndilo linaloniuma hadi leo. Binti yangu, wakati huo ana miaka 13, alirudi shuleni Jumatano akisema koo linauma. Mimi, nikiwa nimeshajifunza kutokimbilia vidonge, nikajiona mjuzi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, asukutue, ateme. Paracetamol kwa homa. Alhamisi vivyo hivyo. Ijumaa homa ikapanda, nami nikawa najifariji: hakohoi, hana kamasi, basi si jambo kubwa.

Jumamosi alfajiri nikakuta mto wake umelowa mate. Nikamwita, akajibu kwa sauti nzito, kama mtu anayeongea na tonge la moto mdomoni. Nikachukua tochi ya simu na mpini wa kijiko nimwangalie koo. Mdomo haukufunguka zaidi ya upana wa kidole. Hakuwa anayameza mate yake.

Daktari aliuliza kabla hata hajamgusa, "Anakohoa?" Nikajibu kwa fahari, "Hapana, daktari, hata chafya hana." Akatikisa kichwa. Alinieleza baadaye, jipu lililokuwa limejificha nyuma ya tonsili likiwa limeshatolewa usaha na binti amelala. Kikohozi, kamasi na sauti kukauka huelekeza kwenye virusi. Homa ya zaidi ya nyuzi 38, tezi za mbele ya shingo zimevimba na zinauma ukizigusa, tonsili zina madoa meupe, na kikohozi hakuna: hapo ndipo wanapomshuku bakteria aitwaye streptokoka. Nilichokuwa najifariji nacho siku tatu nzima ndicho kilichompa yeye wasiwasi.

Hata hivyo alisema dalili peke yake zinaweza kudanganya, ndiyo maana wao huchukua ute wa koo kwa kijiti cha pamba na kuupima. Kati ya watoto kumi wanaoumwa koo, wawili au watatu ndio huwa na streptokoka. Kwa watu wazima ni kama mmoja. Akionekana, hutibiwa, na sababu si maumivu tu. Asipotibiwa, wiki mbili tatu baadaye, koo likiwa limeshasahaulika, mwili unaweza kuugeukia moyo wake wenyewe na kuharibu vali, vile vilango vya kupitishia damu ndani ya moyo. Ndiyo homa ya baridi yabisi. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inaikinga. Na dawa yenyewe ni penisilini, ile aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928. Bakteria huyu hajaizoea mpaka leo. Kwa kawaida dozi ya vidonge ni siku 10. Binti yangu alitaka kuacha ya nne, kwa kuwa alikuwa anameza vizuri. Nilisimama naye kila asubuhi mpaka ya mwisho.

Maji ya chumvi sijayaacha, wala asali, ila asali haipewi mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, na aspirini mtoto hapewi. Lakini mate yakianza kumtoka mtu, mdomo ukakataa kufunguka, shingo ikavimba upande mmoja au pumzi ikatoa mlio, sisubiri tena kupambazuke.

Mwezi uliopita koo likanishika mimi, pamoja na kikohozi na sauti kama ya chura. Binti akaleta tochi na kijiko, akachungulia, akanibonyeza shingo. "Baba, unakohoa, tezi hazijavimba. Nenda kalale." Kisha akaenda kwenye kalenda, akahesabu wiki tatu, akazungushia tarehe duara jekundu: sauti isiporudi kufikia siku ile, atanipeleka mwenyewe kwa daktari.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu wa darasa la nne