Asante, fundi wa Houston

Kaka yangu, jina lako sikulishika, na siku ulipoondoka nilikuwa nimempeleka mama kliniki. Nakushukuru hapa.

Agosti 2017 kimbunga Harvey kilipoijaza Houston maji, nyumba yetu ililowa hadi usawa wa kiuno. Ulikuja na wenzako, Wameksiko kwa Wahondurasi, mkabandua jipsamu zilizooza, mkabeba magodoro yaliyojaa maji. Kihispania sikijui, Kiswahili hukijui; tulielewana kwa vidole. Mama alipolia kuona picha za marehemu baba zimegandamana, uliweka nyundo chini, ukazibandua taratibu kwa ncha ya kisu, ukazianika moja moja juu ya boneti la gari lako. Tatu zilipona. Zipo ukutani hadi leo.

Houston ilisimama tena kwa mikono kama yako, mikono ya wahamiaji waliopaua na kupiga rangi mtaa kwa mtaa. Wengi walifanya kazi kwenye ukungu wa kuta zilizolowa bila barakoa, na wapo waliodhulumiwa ujira wao. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Nawe hela ya siku ya mwisho uliikataa, ukachukua chapati mbili za mama tu. Popote ulipo, Mungu akuzidishie. Mama anakusalimu sana.