Barua ya wazi kwa wanawake wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa ambao waume zao wamezama katika pombe

Wanangu na wadogo zangu,

Nawasalimu nyote, mlio huku juu mlimani na mlioshuka kuishi Moshi mjini lakini hisa zenu bado zimo katika sanduku letu. Viongozi wa kikundi wameniomba niandike, kwa kuwa katika mikutano ya karibuni sababu ya marejesho ya mikopo kuchelewa imekuwa ni ile ile, nayo husemwa kwa sauti ya chini huku msemaji akitazama khanga yake: "Baba watoto alichukua." Huchukua fedha ya maziwa, ya ndizi, ya kahawa, wakati mwingine hata ya ada, na yote huishia kilabuni. Nimeamua kuandika hadharani, kwa sababu jambo hili limefichwa vya kutosha, na sijaona bado mke wala mtoto aliyefaidika na maficho hayo.

Naandika kama muuguzi mstaafu, na pia kama mzee aliyekaa miaka mingi katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata, ambako shauri baada ya shauri tulimsikia mwanamke akianza kwa maneno yale yale: mume wangu ni mtu mwema akiwa hajanywa. Nawaamini mnaposema hivyo, maana wengi wa vijana hao niliwapokea mimi mwenyewe walipozaliwa na ninawajua. Hata hivyo nawaomba mlishike jambo moja katika yote nitakayosema. Hakuna mke mwenye uwezo wa kumwachisha mume wake pombe, na anayejitwisha kazi hiyo huishia kuwa mgonjwa wa pili ndani ya nyumba. Kazi anayoiweza, na ambayo hakuna mwingine atakayemfanyia, ni kuilinda nyumba, yaani watoto, chakula, shamba na uhai wake mwenyewe, katika kipindi ambacho mume bado anakunywa.

Nianze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu kutoujua kumewaumiza wengi. Mtu anayeamka mikono ikitetemeka, jasho likimtoka, na asiyetulia mpaka azimue kwa kikombe cha kwanza asubuhi, amekwisha kuvuka mpaka wa kunywa kwa starehe. Mwili wake umezoea pombe kiasi kwamba ukiikosa unaasi. Ndiyo maana nawakataza kabisa kumfungia mume ndani ili aache kwa nguvu. Mnywaji wa muda mrefu akikatishwa ghafla anaweza kupatwa na degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu na watu wasiokuwepo, akapandwa na homa, na asipotibiwa akafa. Kuacha kunawezekana, lakini mtu wa namna hiyo anapaswa kuachia mikononi mwa wahudumu wa afya, na sisi wa huku tumejaliwa kuwa na hospitali za Mawenzi na KCMC karibu. Siku atakaposema kwa kinywa chake kwamba amechoka, msimwambie ngoja Jumatatu. Mpelekeni siku hiyo hiyo, maana nia ya mlevi huwa haikai muda mrefu. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, wanakokaa wanaojaribu kuacha pombe. Kabla hamjalipa, nendeni mkaone wanalala wapi, wanakula nini, na nani mwenye taaluma ya tiba anayewaangalia.

Kuhusu dawa za kutia kwenye uji kwa siri, zile mnazouziwa kwenye karatasi sokoni kwa ahadi kwamba ataichukia pombe ndani ya wiki, sitazunguka: mnaweza kuua. Kipo kidonge cha hospitali ambacho mtu akikimeza kisha akanywa pombe moyo humwenda mbio, hutapika, na shinikizo la damu laweza kushuka vibaya. Daktari humpa mgonjwa aliyekubali na kuelezwa hatari yake. Mkimtilia mtu kitu cha jinsi hiyo bila yeye kujua, kisha akapitia gongo njiani, mtamzika, na mtakuwa na maelezo ya kutoa polisi.

Sasa nije kwenye maficho, ambako ndiko ninakotaka tukae kidogo. Mume ameshindwa kuamka, mke anampigia mwajiri simu kwamba amelazwa na malaria. Mume amekunywa mali kauli mwezi mzima, mwenye kilabu anakuja getini na daftari lake, mke anatoa fedha ya mbolea kulipa ili aibu isisikike kwa majirani. Mwingine amekwenda kuchukua ule mkopo wa kausha damu, kwa riba ya kila wiki, ili afunike deni ambalo hakulinywa yeye. Yupo mama mmoja aliyekuwa akimbadilisha mume wake nguo zilizolowa mkojo kila usiku, akazifua kabla hakujapambazuka na kuzianika nyuma ya banda la ng'ombe, hivi kwamba yule bwana kwa miaka kadhaa aliapa kwa dhati kabisa kwamba hajawahi kulewa kufikia hapo. Alikuwa hasemi uongo, kwani hakuwahi kuyaona matokeo ya pombe yake hata mara moja. Mama yule alipoacha, na mume akaamka alipoangukia akiwa na nguo zile zile, walizungumza asubuhi hiyo mazungumzo ambayo hawakuwahi kuyafanya tangu waoane. Sisemi kwamba aliacha pombe siku hiyo. Alichukua muda, na alirudi nyuma zaidi ya mara moja. Nasema kwamba kabla ya asubuhi ile hakuwa na sababu hata ya kufikiri. Kumgeuza ubavu ili asipaliwe na matapishi na kumfunika blanketi ni utu, na huo msiuache. Kumdanganyia mwajiri na kumlipia kilabu acheni.

Usiku msibishane naye. Najua maneno yanakuwa yamejaa kifuani tangu saa kumi na mbili jioni, lakini anayeingia saa tano hawezi kuyapokea, na mengi ya majeraha niliyoshona zahanati yalitokana na hoja nzuri zilizosemwa saa mbaya. Semeni naye asubuhi, akishakunywa chai, kwa maneno machache na ya kweli: jana ulivunja kiti, mtoto alilala kwa jirani, fedha ya ada haipo. Msimwambie neno msilokuwa tayari kulitekeleza. Mke anayesema "nitaondoka" kila wiki na haondoki anamfundisha mume kwamba neno lake halina uzito.

Na atakapokuja na jani la isale, lile la kuombea msamaha? Hapa mila yetu inatubana, maana isale haikataliwi, na wazee wa ukoo wakishalileta mbele yako inakupasa usamehe. Lipokeeni, kwa sababu msamaha ni wenu na unawapunguzia mzigo moyoni. Lakini msamaha wa jana haumlazimishi mtu kumkabidhi mkosaji ufunguo wa ghala leo. Semeni mbele ya wazee hao hao, jani likiwa bado mkononi, ni siku gani atakwenda hospitali, nani atamsindikiza, na fedha ya kahawa msimu huu itapokelewa na nani. Wazee wetu wa kiume mara nyingi hupenda shauri liishe kwa chakula na "vumilia, mwanangu, mvumilivu hula mbivu". Nimewaambia wenzangu barazani, nami nasema tena hapa, kwamba uvumilivu tunaouhubiri ni wa mtu mmoja tu kati ya wawili, na nimeona wengi waliovumilia wakala mbichi mpaka wakazikwa.

Watoto. Msimtume mtoto kilabuni kumfuata baba yake, wala kumnunulia pombe. Sheria hairuhusu auziwe, na yeye hukutana huko na mambo ambayo hatawaambieni. Msimfanye shahidi kwa kumuuliza mbele ya baba, "Si hata wewe ulimwona jana?" Mwambieni kwa lugha ya umri wake kwamba baba ni mgonjwa wa pombe, kwamba si yeye aliyesababisha, na kwamba anaruhusiwa kumsimulia bibi au mwalimu. Mtoto wa darasa la nne anayelala na viatu miguuni ili akimbie upesi ikihitajika anajua kila kitu tayari. Kinachomdhuru zaidi ni kutakiwa asubuhi aseme kwamba hakuna kilichotokea. Ipo pia namba ya simu 116, ya huduma kwa mtoto, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Fedha na ardhi vinahitaji akili tulivu. Badilisheni namba za siri za simu, akiba yenu ikae kikundini badala ya chini ya godoro, na vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa na karatasi za shamba viwekwe kwa mtu mnayemwamini nje ya nyumba. Wengi wenu mnadhani mume akikubaliana na mnunuzi katika kilabu basi nyumba imekwenda. Haijaenda. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama iko kwa jina lake peke yake. Mkisikia tetesi, wahini ofisi ya kijiji, mpeleke pingamizi kwa maandishi na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Na kwa kuwa kihamba cha urithi, yaani shamba la ukoo, kina wenyewe, wajulisheni wazee wa ukoo, ambao katika jambo hili, niseme ukweli, huwa wepesi kuliko katika vipigo.

Kuhusu vipigo sheria hiyo hiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake, na haisemi isipokuwa akiwa amelewa. Aliyepigwa aende polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apewe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, atibiwe, na maelezo yaandikwe. Anayetishiwa kwa panga au kukabwa koo asingoje kikao chochote; aondoke na watoto usiku huo. Muwe na nguo za kubadilisha, kiasi kidogo cha nauli na dawa za watoto kwa jirani mmoja, tena jirani huyo ajue kwamba mkigonga hatauliza maswali.

Kuna watakaofikia hatua ya kutengana, na hawa sitawahukumu. Kwa ninyi ambao kanisa halitambui talaka, fahamuni kwamba sheria ya nchi inaruhusu pia kutengana pasipo kuvunja ndoa. Shauri la talaka huanzia barazani, na usuluhishi ukishindikana mnapewa hati ya kwenda nayo mahakamani. Msiogope kwamba mtatoka mikono mitupu kwa kuwa hamkuwa na mshahara, kwani Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Asiyejiweza ana haki ya kuomba msaada wa kisheria, nao wasaidizi wa kisheria wamefika mpaka vijijini.

Limebaki jambo linalotuhusu sisi wenyewe, nalo najua halitawapendeza wote. Baadhi yetu ndio wapishi wa mbege, hiyo pombe yetu ya ndizi na ulezi. Siwezi kuitukana mbege, maana ndizi na ulezi vimesomesha watoto wengi wa mlima huu, na hatuozi wala kuzika bila kata ya mbege kuzunguka. Gongo ni jambo jingine: ni haramu kisheria, na anayeipika hajui alichokiingiza ndani ya chupa. Tulishangilia viroba vilipopigwa marufuku mwezi Machi 2017, kisha zikaja chupa ndogo zinazoingia mfukoni, kwa hiyo sitegemei tena kwamba amri kutoka juu itatumalizia kazi. Lakini yako tunayoyaweza. Mwanachama hawezi kumdai mwenzake marejesho huku jioni anampa mume wa mwenzake huyo kikombe cha sita kwa mali kauli na kuliandika deni. Napendekeza katiba ya kikundi iseme kwamba mwanachama yeyote anayeuza pombe hatamkopesha mume wa mwanachama, wala hatapokea jembe, simu au debe la mahindi kama malipo, na akikiuka deni hilo lihesabiwe limefutwa. Mwanachama ambaye mume wake ni mgonjwa wa pombe asipikie nyumbani. Kikundi kimpe kipaumbele katika mkopo wa kuku au wa genge ili abadilishe biashara.

Najua wapo pia wanaume wachache wenye wake wanaokunywa, ambao hawana kikundi na huona aibu maradufu. Wakiomba kusikilizwa, wasikilizwe.

Katika mkutano ujao naomba suala hili liwe ajenda ya kwanza, kabla ya hesabu za hisa, wakati watu bado hawajachoka. Katibu aandike majina ya nyumba ambazo ziko tayari kumpokea mama na watoto usiku, angalau moja kwa kila kitongoji, na la kwangu aliandike juu. Mlango wangu wa nyuma, ule wa upande wa migomba, hauna kufuli, na mbwa nimekwisha kumhamishia mbele.

Mama yenu,
Muuguzi mstaafu