Wanangu waandishi, wizi wenyewe uko wapi?

Wanangu,

Nawasikia mkilalamika kwamba akili mnemba inakula riwaya zetu bila hodi. Hasira yenu ni ya haki. Ila neno "wizi" mnalitupa ovyo, na mahakamani neno likitupwa ovyo humrudia mwenyewe.

Waandishi watatu waliishtaki Anthropic, kampuni inayounda akili mnemba, huko San Francisco. Juni 2025 Jaji William Alsup akakata shauri kuwili. Vitabu vya karatasi ambavyo kampuni ilivinunua, ikavikata migongo na kuviskani ili kufundishia mashine, alisema ni matumizi ya haki kwa sheria ya Marekani, yaani yanayoruhusiwa bila idhini ya mwandishi. Lakini nakala zaidi ya milioni 7 zilizopakuliwa kwenye maktaba za maharamia, hapo alikataa. Kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.5, kama dola 3,000 kwa kitabu. Siku mbili baada ya uamuzi ule, Jaji Vince Chhabria aliipa Meta, kampuni yenye Facebook, ushindi katika kesi kama hiyo, huku akisema mashine ikilifurisha soko inaweza kumwangusha mwandishi. Walalamikaji tu hawakuleta ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo anayewaambia sheria imeshasema neno la mwisho, mwacheni apite.

Mimi kilichoniuma ni kingine. Fungu lile la Anthropic lilikuwa la vitabu vilivyosajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani, tena kwa wakati. Mkataba wa Bern, ule wa mataifa kuhusu hakimiliki, unakilinda kitabu chako tangu ulipokiandika, usajili au hakuna usajili, lakini siku ya kugawana fedha waliitwa wenye karatasi. Wangapi kati yenu mnajua mkataba wenu na mchapishaji umewekwa wapi? Wangapi mlisaini "haki zote" kwa sababu mlikuwa na haraka ya kuona jina kwenye jalada? Safari nyingine ulizeni: haki ya kufundishia mashine ni ya nani, na mrabaha wake ni kiasi gani?

Halafu kuna hili la maharamia. Mwaka jana nilitumiwa kwa WhatsApp PDF ya kitabu changu mwenyewe, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba cha mtu kikionekana pembeni. Ujumbe ulisema: "Shikamoo mzee, pitia hiki, kizuri sana."

Mwenye kidole, marahaba. Sikukasirika. Njoo Jumamosi na mkataba wako tuusome pamoja. Ile PDF ifute kwanza.

Mzee wenu