Risasi nzito sio lazima ndo iwe bora

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Kwenye kurasa zenu za michezo kuna msomaji alisema ukitaka kushinda mashindano ya bunduki ndogo za kumimina risasi za bastola, zile kina Uzi na MP5 (sio AK ambazo polisi wetu huziita SMG), basi nunua risasi nzito kuliko zote. Mimi naishi Kentucky, mchezo huu naupenda sana, naomba nafasi nimjibu maana kuna vijana wetu huku wanauanza na risasi ni hela.

Kwanza wajue tunaongelea nini. Risasi ya milimita 9 inakuja hasa na vichwa vya uzito wa aina tatu: greini 115, 124 na 147, yaani kama gramu 7.5, 8 na 9.5. Wanaotetea 147 wanasema inaangusha shabaha za chuma vizuri na inapiga bega taratibu. Hilo la chuma silikubali kabisa, zile shabaha za kuangusha kwenye mashindano ya kawaida zinasetiwa zianguke kwa risasi ya kawaida tu ya 9, ukiipiga penye duara lake la juu inalala, ukiipiga pembeni hata uzito haukusaidii sana.

Hilo la bega sasa ndo watu wanachanganya mambo. Kuna hesabu ya nguvu, unachukua greini unazidisha na kasi ya futi kwa sekunde unagawa kwa 1000, na kiwango cha chini kwenye mashindano mengi ni 125. Anayejaza risasi mwenyewe anaipeleka 147 kwa futi 860 tu na anapata 126, baruti kidogo, bunduki inasukuma kwa upole, huyo ana haki ya kuisifia. Lakini 147 ya dukani mara nyingi inatoka karibu na 990, hiyo ni 145, wakati 115 ya boksi ikienda 1150 ni 132 tu! Kwenye Uzi au MAC (bunduki ndogo nyingine ya aina hii) ambazo bolti, kile chuma kinachoenda mbele na kurudi nyuma kila risasi, haifungwi na kitu, inazuiwa na uzito wake na springi basi, ile nguvu yote inairudisha bolti nyuma kwa kishindo, kwahiyo uliyenunua nzito ili upate ulaini umenunua teke.

Na hizo kasi za kwenye boksi mara nyingi zimepimwa kwa mtutu mfupi wa bastola. Mtutu wa MP5 ni karibu inchi 9, wa Uzi ni kama 10, humo 115 inaongeza kasi kuliko 147, hesabu zote zinabadilika. Ndo maana nasisitiza kronografu, kile kifaa cha kupimia kasi ya risasi, pima kwa bunduki utakayoshindania, sio ya jirani.

Halafu tazama karatasi. Piga mkupuo wa risasi tatu kwa mita kumi uone tundu la pili na la tatu yamekaa wapi, maana kwenye otomatiki la kwanza kila mtu anapata, pointi zinapotea kwa yale yanayopanda kuelekea begani pa shabaha. Angalia na maganda, yakirundikana sehemu moja bolti inatembea vizuri, yakitawanyika huku na kule jaribu uzito mwingine kabla hujagusa springi. Mimi ningemwambia anayeanza aanze na 124, na 115 aiweke ya mazoezi kwa kuwa ni rahisi mfukoni.

Mwenye sailensa 147 inamfaa kwa vile inabaki chini ya kasi ya sauti. Ila MP5SD, ile MP5 iliyotengenezwa na sailensa yake humohumo, hapana jamani! Mtutu wake una matundu 30 yanayovujisha gesi makusudi ili risasi ya kawaida ipungue kasi, ukiweka 147 inatoka imechoka na bunduki inaweza kukwama.

Na kukwama huku sio jambo dogo, maana ukiiharibu bunduki huipati nyingine kirahisi: tangu Mei 1986 Marekani haisajili tena bunduki mpya za otomatiki kwa raia, zilizopo ni zilezile za zamani na MP5 halali inauzwa makumi elfu ya dola. Kwahiyo kabla hujabeba katoni nzima ya uzito mmoja, nunua boksi mojamoja la kila uzito, nenda uwanjani na kronografu na karatasi, fanya asubuhi moja.

Msomaji wenu, Louisville, Kentucky