Naomba uniendee Kyaka

Koku,

Mwangaluka waitu. Mama hajambo, mguu wake vipi? Sisi tupo, watoto wanakula kama wamefungulia mfungo, Kirumba ni joto na harufu ya dagaa kama ulivyoiacha. Tangu msiba wa kina Happy wewe umenyamaza na mimi nimenyamaza, kwa hiyo ngoma droo, tusilaumiane.

Nina shida na wewe na haisemeki kwenye simu, nyumba yetu unaijua, ukinong'ona chumbani sebuleni wanakujibu. Ni Mzee. Si unakumbuka Pasaka ulipopita hapa alikuita Koku vizuri kabisa akakuuliza bei ya kahawa? Huyo mtu hayupo tena. Yaani yupo, anakula, anaoga akibembelezwa, ila yupo mwaka 1978.

Ilianza na presha. Anko Deus akasema uzee, mama mkubwa akasema uzee, nikawaambia jamani mtu hazeeki kati ya Jumapili na Jumatano. Kuna zahanati moja walimpa dawa za usingizi tu, akawa anaamka usiku amelewa anaanguka bafuni, na mtumishi mmoja (usiniulize nani alimwita) akasema ni roho za watu aliowaua vitani, laki mbili ya sadaka zitaondoka. Nilimwonyesha geti. Mwisho tukapata dokta kijana mwenye subira, akatuonyesha picha ya kichwa, akasema mishipa midogo imekuwa inaziba mmoja mmoja kwa sababu ya presha ya miaka, kila ukiziba kuna kasehemu kanakufa. Sio kile kiharusi kikubwa cha kupindisha mdomo, ni vidogo vingi vya kimyakimya. Na akasema ya karibuni ndo hutangulia kupotea, ya zamani yanachelewa. Kama watu wanaohama nyumba Koku, vilivyo karibu na mlango vinatoka kwanza. Wametoka wajukuu, yametoka majina yetu, imetoka miaka yote ya kiwanda cha samaki, ametoka hata marehemu mama, na chumba cha ndani kabisa kilichobaki ni vita.

Na hiyo vita hakuwahi kutusimulia! Sisi tulikua na stori moja tu, ya Saanane. Unaijua, alikusimulia na wewe, ile ndege ya Gaddafi iliyokuja mwaka 1979 kumsaidia Amin, ikalenga matangi ya mafuta hapa Mwanza ikakosa, mabomu yakaenda kuangukia kisiwani kwa wanyama yakaua swala. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa, anasema mashujaa wa Mwanza ni swala. Mimi nimekua nikiamini hiyo ndo vita yake. Kumbe siku hiyo hata Mwanza hakuwepo, alikuwa ng'ambo huko Uganda na lori, stori ya swala alikuja kuisikia amerudi kama wengine wote. Alichukua ya kuchekesha ya watu wengine akatupa sisi, yake akaiweka.

Sasa ndo inatoka. Kila jioni, jua likianza kushuka tu, anavaa koti anakaa karibu na mlango anauliza, "Daraja limeshatengenezwa?" Mwanzoni tulidhani anaongelea hili la kwetu la Kigongo na Busisi, tukawa tunamjibu kwa furaha ndiyo Mzee, Rais amelizindua mwezi wa sita, kilometa 3, sa hivi hakuna tena kusubiri kivuko wala kuomba gugumaji lipishe. Anatuangalia kama tumechanganyikiwa. Ni la Kyaka. Lile la mto Kagera ambalo ndege za Amin zilishindwa kulivunja wakaja kulilipua kwa baruti mwanzoni mwa Novemba 1978, wakatangaza mpaka ni mto, wakabaki upande wa pili na ng'ombe za watu. Mzee alikuwa mgambo, dereva, miaka ishirini na kitu, walimtoa kwenye lori la pamba wakampa lori la jeshi. Wamefika mtoni daraja hakuna. Anasema (sa hivi anasema yote, tena kwa wakati uliopo, "tunasubiri mainjinia wafunge daraja la chuma") upande wa pili unaona moshi na hakuna wa kwenda.

Nikuambie la mwezi wa nane. Tulikuwa na msiba Geita, tukakodi Noah, tukambeba na yeye maana nani wa kumwachia. Njia nzima ametulia anakula karanga. Tumefika Kigongo, daraja linaonekana lile lilivyo refu na jeupe, mimi nimeshatoa simu nipige picha, Mzee akamshika dereva bega akamwambia simamisha gari. Dereva akadhani ni haja ndogo akasimama pembeni. Mzee akashuka akasimama mbele ya gari mikono juu akasema hapiti mtu, limelipuliwa. Koku, nyuma yetu mabasi yanapiga honi, wauza soda wanacheka, Deus anamvuta mkono anamwambia baba vita iliisha, vita iliisha zamani, na kadiri anavyosema iliisha ndo Mzee anavyotetemeka. Kwa sababu kwa yeye tunataka kumuua yeye na sisi wote humo ndani.

Ndo nikashuka mimi. Sijui lilinitoka wapi, nikamwambia afande, mainjinia wameshamaliza, wamesema lori za chakula zipite kwanza. Akaniangalia. Akauliza, "Wamepima uzito?" Nikasema wamepima. Akarudi kwenye gari akakaa mbele, tukavuka, njia nzima ameshika dashibodi anahesabu nguzo. Tulipofika Busisi akasema sasa tukamchukue yule kijana.

Hapo ndo shida yangu yenyewe ilipo. Kuna kijana. Jina nimekutumia wasap, sitaki kuliandika huku. Wa Sengerema, walikuwa lori moja, alikuwa tingo wake. Kadiri ninavyounganisha ni kwamba walivuka pamoja wakaenda mpaka karibu na Masaka, Mzee akarudi na yule hakurudi, lakini kwenye kichwa cha Mzee sa hivi hawajavuka bado, au wamevuka akamwacha upande wa pili, inabadilika kila siku. Siku nyingine ananiambia nimwekee chakula. Namwekea. Deus ananiita mwongo, anasema namlisha baba ujinga, mtu aliyeokoka hawezi kuishi na uongo kila jioni ndani ya nyumba. Mama mkubwa anasema mwacheni mtoto. Mimi nimegoma. Nimeona kwa macho yangu kwamba ukimwambia iliisha analia kama amefiwa leo, maana hapohapo ndo anajua kwamba huyo kijana amekufa, na kesho jioni amesahau, unamwambia tena, anafiwa tena. Hiyo ni dini gani?

Kwa hiyo naomba uende Kyaka. Ni njia yenu hiyo ya Mutukula, najua Rwey anapita na gari lake la kahawa, mwambie akupe lifti. Nichukulie vidio ya daraja lilivyo sa hivi, magari yanapita, na mto unaonekana chini, ukiweza uvuke kwa miguu huku unachukua. Dakika mbili zinatosha. Nichukulie na lile kanisa lililobomolewa vitani, yale magofu.

Au hapana, kanisa acha. Nikimwonyesha kanisa limebaki ukuta atajua ni pale na itakuwa mbaya zaidi. Au chukua tu unitumie mimi peke yangu, nitaliangalia kwanza. Unajua nimepita pale mara ngapi nikienda kwenu na sikuwahi hata kugeuza shingo? Tulikuwa tunabishana nani akae dirishani. Tetemeko la 2016 nyumba za watu Bukoba zilivyoanguka, yale magofu uliniambia hayakutikisika, yaani kilichokwishabomoka hakibomolewi tena, kazi ni kwa wenye nyumba.

Nikifika hapo nawaza kwenu pia, usikasirike. Ile shamba ya Kanyigo, ulivyonipitisha kwenye migomba unaniambia hapa baba, hapa mama mdogo, hapa anko wa Kampala, nikahesabu makaburi nikaacha. Mlivyokua kumi na kitu kwa bibi mmoja. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchi hii waligundulika huko kwenu 1983 na watu wakauita Juliana kwa yale mashati ya magendo, na kufika 1987 walipopima Bukoba mjini ikawa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne. Vita imeisha 1979, hiyo imeingia kabla hata watu hawajamaliza kuezeka. Halafu mnyauko ukaja ukachukua na migomba yenyewe iliyofunika makaburi. Bibi yako aliniambia siku ile kwamba yeye Amin alimkimbia wakaishi porini wiki kadhaa wakarudi wote, "wote," akarudia, halafu akaangalia shambani. Mimi wakati ule nilikuwa na miaka kumi na saba nikaona ni mazungumzo ya wazee, nikaomba chai.

Watu wanasema muda unaponya. Mimi sijui wanaongelea muda upi. Wa Mzee umempa miaka arobaini na saba, akalea, akajenga, akazika mke, akacheka na swala wake, halafu umerudi umebeba yote hayo umemwachia mtoni. Afadhali ungechukua na hiyo pia. Dokta nilimuuliza hivohivo, itafika siku asahau na vita? Akasema inawezekana, lakini siku hiyo huenda asijue na kumeza. Basi nikanyamaza.

Jambo la pili, kama una nguvu. Ukipata siku nyingine fika Kaboya kwenye makaburi ya wanajeshi, uangalie kama kuna hilo jina. Likiwepo nipigie picha, ila usinitumie kabla hujanipigia simu. Hapa Deus hajui, nataka kuitafuta familia Sengerema kimyakimya. Mama yake atakuwa ameshakufa lakini labda kuna dada. Sijui nitawaambia nini, kwamba kuna mtu hapa Kirumba anamwekea ndugu yenu ugali kila jioni? Watanifukuza.

Nauli nitakutumia Ijumaa, usijifanye tajiri wa kahawa uanze kukataa, nyie watu wa Bukoba nawajua mnakataa kwa mdomo huku mnasoma meseji ya muamala. Na msimu wa senene ndo huu, nimekaa kimya tu, sijasema kitu.

Sasa nijibu. Mama anatumia fimbo au bado anaona aibu? Yule binti wa Rwey alirudi chuo? Bibi akikumbuka mambo yake huwa mnamjibu nini, mnamwacha aongee au mnambadilishia stori? Na wewe ungekuwa mimi pale Kigongo ungesemaje, ungemwambia ukweli huku mabasi yanapiga honi? Deus anataka kumpeleka kwa shangazi kijijini eti kuna utulivu, mimi naona ni kumtupa, au ni mimi ndo nimeng'ang'ania? Unafikiri akiona vidio atalala? Na kama akiona daraja lipo akasema sasa twende tukamchukue, namwambia nini Koku?

Nijibu hata kwa voisi, ila isiwe ile yako ya dakika tisa inayoanza na kuku wanalia, nina bando la wiki tu.

Kulwa