Meza yetu haikutoka kwa Cicero

Mhariri,

Makala yenu kuhusu asili ya lugha za Kirumi ilidai kwamba Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kiitalia na Kiromania ni Kilatini cha Cicero, yule msemaji na mwandishi wa Roma, kilichoharibika baada ya Roma kuanguka mwaka 476. Kilatini hicho sicho, na mwaka huo sio.

Cicero aliandika Kilatini cha wasomi. Askari, wachuuzi na walowezi waliokwenda Hispania, Gallia (Ufaransa ya leo) na Dacia (Romania ya leo) walizungumza cha mtaani, na hicho ndicho kilichozaa. Ushahidi mtamu kuliko wote tumeachiwa na mtu asiyejulikana jina, yaelekea mwalimu. Orodha yake, Appendix Probi, ina masahihisho 227, yote kwa mtindo wa "sema hivi, si vile". Oculus non oclus. Auris non oricla. Mensa non mesa.

Sasa angalia kilichosalia. Jicho ni occhio kwa Kiitalia, olho kwa Kireno, ochi kwa Kiromania: yote ni watoto wa oclus iliyokatazwa. Sikio ni oreja kwa Kihispania, oreille kwa Kifaransa, ureche kwa Kiromania, nayo ni oricla tupu. Na ile mesa ya makosa ndiyo Wareno waliyofika nayo pwani yetu kuanzia 1498, tukaifanya meza (ya kulia, si ya kumezea). Mtoto anayeambiwa afute meza anatajiwa kosa alilolikemea mwalimu yule.

Orodha hiyohiyo inaonyesha sarufi ilivyobomoka. Inakataza numqua badala ya numquam, na oli badala ya olim. Maana yake m ya mwisho ilikuwa haisikiki tena. Ijaribu kwa filia, 'binti': filia ni binti anayetenda, filiam ni anayetendwa, filiā yenye a ndefu hutumika pamoja na viungo kama 'pamoja na' au 'kutoka kwa'. Ondoa m, ondoa urefu wa irabu, na zote tatu zimekuwa filia. Nani kamwona nani? Ndipo mpangilio wa maneno na viungo kama de ('kutoka') na ad ('kwa') vikabeba mzigo uliokuwa umebebwa na mwisho wa neno.

Wakati ujao nao uliundwa upya. B iliyo kati ya irabu ilianza kutamkwa kama v, hivyo cantabit, 'ataimba', ikagongana na cantavit, 'aliimba'. Watu wakakimbilia cantare habet, yaani 'ana kuimba', na habet ikagandamana na kitenzi: cantará kwa Kihispania, chantera kwa Kifaransa, canterà kwa Kiitalia. Mswahili hana sababu ya kushangaa. -Ta- yetu ni -taka iliyokatwa mkia, na atakayekuja bado inaionyesha nzima.

Makala pia ilipima undugu wa lugha kwa maneno yanayofanana. Kipimo hicho hudanganya. Kinachotafutwa ni tofauti zinazojirudia. Chukua 'usiku', 'nane' na 'maziwa': nocte, octo, lacte. Kihispania kina noche, ocho, leche. Kireno noite, oito, leite. Kiitalia notte, otto, latte. Kifaransa nuit, huit, lait. Kiromania noapte, opt, lapte. Popote penye ct, kila lugha inarudia jibu lake lilelile. Basi mtu akileta nocturne ('ya usiku') ya Kifaransa kama neno la urithi, mrudishe nayo: ct yake haijaguswa, kwa kuwa wasomi waliichota vitabuni baadaye. Sută, 'mia' ya Kiromania, nayo isiwekwe chini ya centum, 'mia' ya Kilatini. Ilitoka kwa Waslavi.

Kuhusu kuenea, msomaji asiachwe akidhani kwamba Roma ilipotawala muda mrefu ndipo lugha yake ilipobaki. Britannia ilitawaliwa tangu mwaka 43 hadi karibu 410, na hakuna lugha ya Kirumi iliyobaki huko. Dacia ilitekwa 106 na kuachwa karibu 271, na leo Kiromania kinazungumzwa hapohapo, ingawa wataalamu wangali wanavutana kama kilikomaa kaskazini au kusini mwa mto Danube. Uzito uko kwa nani alihamia, na nani alikuja baada yake. Afrika Kaskazini ilikuwa na Kilatini kingi, kisha kikaja Kiarabu.

Na 476? Mwaka huo hakuna aliyeamka akisema lugha mpya. Tarehe zenye uzito ni mbili. Mwaka 813 mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Tours, Ufaransa, uliagiza mahubiri yafasiriwe kwa lugha ya Kirumi ya watu wa shamba, au kwa Kijerumani, ili wote waelewe. Yaani Kilatini cha kanisani kilikuwa hakieleweki tena na waumini. Kisha tarehe 14 Februari 842, huko Strasbourg, mfalme Ludwig Mjerumani aliapa kwa Kirumi, lugha ya jeshi la nduguye Charles, ili askari wale wamsikie: "Pro Deo amur et pro christian poblo", 'kwa upendo wa Mungu na kwa watu wa Kikristo'. Iangalieni hiyo poblo. Imekwisha kuimeza u ya populum, 'watu' ya Kilatini, kama oclus ilivyoimeza ya oculus.

Msomaji wenu,
Tanga