Barua kwa Zuhura: Jinsi maradhi yanavyosafiri kwa njia ya damu

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walio nawe. Barua yako imenifikia, na nimeisoma zaidi ya mara moja. Unauliza jipu lililokuwa mgongoni mwa mwanao limefikaje kwenye mfupa wa paja, ilhali mtoto hakuanguka wala kuumia mguu. Na tena unauliza kwa nini daktari anashikilia kwamba mjomba ana saratani ya utumbo mpana, wakati picha imeonyesha madoa kwenye ini. Maswali yote mawili jibu lake limo katika njia za damu, kwa hiyo nitayajibu pamoja.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 kwa dakika, kiasi ambacho ni karibu sawa na damu yote aliyo nayo. Kinachoingia ndani ya mshipa kwa hiyo kinaweza kuuzunguka mwili mzima kwa muda wa dakika moja hivi. Hata hivyo maradhi hayatui ovyo. Hutua pale ambapo damu inayatupa kwanza, au pale yanapopata cha kushikilia.

Tuanze na mtoto. Bakteria huingia kwenye damu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Hata kupiga mswaki kwenye fizi zilizovimba hutosha kupitisha wachache. Kwa kawaida hawafiki mbali, kwa sababu ini na wengu vina chembe za kinga ambazo huwameza damu inapopita. Hatari huanza wanapoingia kwa wingi, au wanapokuta mahali pa kujishikiza, kama vile vali ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, au, kwa mtoto, ncha ya mfupa unaoendelea kukua. Hapo, jirani na sehemu ambako mfupa hurefukia, mishipa midogo hupinda ghafla na kurudi ilikotoka, kisha hutanuka, na damu hupunguza mwendo. Stafilokokasi, ambaye ndiye bakteria wa majipu mengi, ana uwezo wa kunata kwenye mfupa, na mwendo huo wa pole humpa nafasi. Usaha ukijaa ndani ya mfupa, ambao hauwezi kutanuka, huibana mishipa hadi sehemu ile ikakosa damu. Nayo dawa haina njia nyingine ya kufika huko isipokuwa damu hiyohiyo. Ndiyo maana matibabu huchukua wiki kadhaa, na wakati mwingine hapana budi usaha utolewe kwa upasuaji. Nakusihi, usikubali dawa zikatizwe kwa kuwa tu homa imeshuka.

Umeandika pia kwamba ulikasirika walipomtoa damu kabla ya kumwanzishia dawa. Ungeona tunavyofanya huku maabara, ungewashukuru. Damu ile hutiwa ndani ya chupa yenye lishe ya bakteria, ikawekwa kwenye joto kama la mwili. Mara nyingi siku ya kwanza au ya pili chupa huonyesha kwamba kuna kitu kinakua. Tunatandaza tone moja kwenye kioo, tunalitia rangi, na chini ya hadubini stafilokokasi huonekana wa zambarau, wa mviringo, wamejikusanya vishada vishada. Kisha tunawajaribu kwa dawa mbalimbali ili daktari ajue ipi inawaua. Dozi moja ya antibiotiki ikitangulia, chupa inaweza kubaki kimya, na daktari akalazimika kutibu kwa kukisia. Kwa mgonjwa aliyezidiwa hatungojei majibu, lakini damu bado hutolewa kwanza inapowezekana.

Sasa mjomba. Damu inayotoka kwenye utumbo mpana hairudi moja kwa moja moyoni. Karibu yote hupitia kwanza kwenye ini, kwa mshipa mkubwa unaoitwa vena ya lango. Mishipa midogo kabisa ina upana wa maikromita 5 hadi 10 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na seli nyingi za saratani zinazobanduka na kuingia kwenye damu ni nene kuliko hapo, kwa hiyo hukwama kwenye mtandao wa kwanza zinaoukuta. Kwa utumbo mpana mtandao huo ni ini. Kwa figo, au kwa saratani inayoanzia mfupani, ni mapafu.

Lakini kukwama peke yake hakutoshi. Mwaka 1889 daktari wa London, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti, akaona kwamba ini lilishambuliwa mara nyingi mno kuliko wengu, ingawa wengu nao hupata damu nyingi. Alisema seli hizo ni mbegu, nazo humea pale tu udongo unapozikubali. Na zinazomea ni chache mno: mwaka 1970 Isaiah Fidler alionyesha kwamba, kati ya seli za saratani alizowadunga panya kwenye mshipa, chini ya 1 katika kila 1,000 ndizo zilizokuwa hai baada ya saa 24. Msukosuko wa damu huzipasua, na chembe za kinga huziwinda. Huwa nalikumbuka jambo hili kila ninapomsikia mtu akisema kwamba saratani ikishaingia kwenye damu mwili hauna ulinzi wowote.

Seli zilizomea kwenye ini la mjomba ni za utumbo, kwa maumbile na kwa tabia, na dawa atakazopewa ni za saratani ya utumbo. Kwa hiyo daktari hakukosea. Jambo muhimu kuliko jina ni idadi ya madoa na mahali yalipo, kwa kuwa madoa ya ini yatokanayo na utumbo mpana, yakiwa machache, wakati mwingine huweza kukatwa, na wapo wagonjwa wanaopona kabisa baada ya hapo. Ini lililobaki, likiwa na afya, hukua tena. Muulizeni daktari waziwazi kama picha zake zimeonwa na mpasuaji wa ini, na kama bado, ombeni zipelekwe kwake kabla dozi za dawa hazijaanza.

Niandikie mara tu mtakapopata majibu ya damu ya mtoto, na unitajie jina la dawa aliyoandikiwa.

Rafiki yako akupendaye,
Mwanaidi